Kusindikizwa na Anti Emmah

Treni za Riyadh hazina dereva, kwa hivyo Lorine alikimbilia kiti cha mbele kabisa, akakaa pale kwenye kioo kama yeye ndiye anayeendesha. Alikuwa mgeni mjini, chuo kimefunguliwa juzi tu, na tayari alikuwa amemchosha mama yake kule Kakamega kwa simu. Mama, vituo vya treni hapa vina baridi kushinda friji yetu! Mama, chai yao ina iliki na maziwa mazito, nimekunywa mpaka nimeona aibu! Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali lake lilelile: "Na Emmah umemwona?"

Ijumaa hiyo ndiyo alikuwa anaenda kumwona. Anti Emmah, mdogo wake mama, alifanya kazi za nyumbani katika jumba moja la mtaa wa Al-Malqa, hapohapo Riyadh. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili na sasa alikuwa kwenye mwaka wa tano. Pasipoti yake ilikuwa kabatini chumbani kwa madam, ati isipotee.

Kutoka getini hadi mlango wa jikoni palikuwa na ua mdogo wa vigae vya kijivu, mfereji mmoja na kamba ya nguo. Lorine aliuvuka bila hata kumaliza kurekebisha mtandio.

"Woi! Mtoto wa dada yangu!" Anti Emmah alipiga kelele mpaka paka akaruka kutoka dirishani. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Akasonga ugali kwa unga ambao Lorine alikuwa ameubeba kutoka nyumbani. Madam Hala mwenyewe aliingia jikoni, akamuuliza Lorine masomo yanaendaje, akamletea tende sahani nzima. Hakuwa mtu mbaya.

Wakati wa kuondoka ulipofika, Anti Emmah alifuta mikono. "Ngoja nikusindikize."

Kwao mgeni haachwi aende peke yake. Unamtoa mpaka barabarani, na kama mazungumzo yamenoga, naye anakurudisha kidogo. Basi wakatoka bega kwa bega, wakipiga gumzo. Lorine alifika getini, akageuka kumalizia kisa cha mwalimu wake wa kompyuta, akakuta anaongea peke yake. Anti Emmah alikuwa mbali, kadogo kama kikombe, anatembea kwa bidii na mikono anairusha, na vigae vinazidi kuongezeka mbele yake.

"Anti, mbona hufiki?"

"Nakuja! Ni huu ua," Anti Emmah alijibu kwa sauti ya juu. "Mimi nikitembea, unarefuka. Tangu mkataba uishe sijawahi kufika hapo. Wewe nenda, treni isikuache!"

Madam Hala alichungulia dirishani. "Geti liko wazi," alisema. "Nani amemzuia?" Na kweli geti lilikuwa wazi. Lorine aliumia sana moyoni. Aliapa kwamba siku moja anti yake atatoka humo, hata kama ni kwa kubebwa mgongoni.

Kisha chuo kikatangaza safari ya Jeddah, na Lorine akasahau hata kula kwa furaha. Alipompigia Anti Emmah simu, anti aliuliza kwanza habari za bahari. Siku aliyokuja Saudia aliiona bahari kwenye dirisha la ndege, akajiambia lazima ataikanyaga.

"Madam na watu wake wanaenda kwa jamaa zao wikendi," alisema. "Haki nitakusindikiza mpaka huko Jeddah."

Alhamisi alimaliza vyombo, akabeba chupa ya chai, akaanza kutembea kuelekea getini. Ua ukarefuka. Naye hakusimama.

Jumamosi Lorine alikuwa ufukweni Jeddah, anakula dengu zenye siki alizonunua kwa mzee Idi, Mzanzibari aliyezaliwa hapohapo. Akasikia watu wanaombwa wasogeze magari. Ua ulikuwa unashuka kutoka upande wa mtaa wa Al-Safa, vigae vya kijivu katikati ya kuta mbili, ukapita hadi majini. Kuta zilikuwa zimevutwa mpaka zikabaki za kimo cha kiuno.

"Uwa wa Riyadh huo," alisema mzee Idi, akiongeza siki. "Mwaka jana alikuja mmoja na uwa wake, akala dengu, akarejea. Yalla, panda kigoda hicho, mwanangu, n'takushikia."

Lorine aliruka ukuta. Anti Emmah alikuwa anakuja mbio, aproni imejaa vumbi la jangwa. Wakaingia majini na viatu vyao, wakarushiana maji, wakapiga vigelegele mpaka watu wakapiga makofi. Mbali kule juu ya maji geti jeusi lilikuwa wazi, na bado linasogea.

"Linaenda Sudani!" Anti Emmah alicheka mpaka akashika mbavu. "Wacha liende! Kutoka Sudani, kwetu si ni hapo tu?"

"Emmah! Chai!"

Ilikuwa sauti ya Madam Hala, amesharudi kutoka kwa jamaa zake. Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma yao tu, karibu na kamba ya nguo. Kurudi hakukuwahi kuwa mbali.

"Sasa ni zamu yangu kukusindikiza," Lorine alisema, na kabla hajamaliza kusema walikuwa jikoni kule Al-Malqa. Begi lake lilibaki Jeddah kwa mzee Idi. Madam aliuliza nani amelowesha sakafu. Anti Emmah akapiga deki, akabandika chai, akafuta mikono.

"Ngoja nikutoe."

Safari hii Lorine alimshika mkono, akaukaza kwa nguvu zake zote. Walikuwa wakiongea habari za dengu. Alipofika getini mkono wake ulikuwa mtupu, una chumvichumvi. Akasimama hapo na viatu vilivyolowa. Geti lilikuwa wazi, na Anti Emmah alikuwa bado anakuja.