Utepe Mlangoni mwa Pampu

Mtaa wetu ulikuwa umeteka maji ya mradi kwa siku kumi na moja kabla mradi haujazinduliwa, na kosa lilikuwa langu. Naanza kwa kukiri kwa sababu siku ya uzinduzi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mtu aliyecheka kiasi kile hawezi kujifanya malaika.

Mimi ni fundi bomba. Mtaani wananiita Spana, na hata mume wangu akinitafuta huuliza Spana yuko wapi. Kwa miaka mitatu nilikuwa kibarua wa idara ya maji ya kaunti: nachimba mtaro, nalaza bomba, nafunga koki, kisha narudi nyumbani nisijue kama kesho nitaitwa. Mradi huu ulikuwa na kisima, chumba cha pampu, tangi la lita elfu tano juu ya kuta za mawe, na bomba la kutekea pale mbele. Mhandisi wa idara, mtu mwembamba asiyetabasamu, alinionyesha barua ya ajira ya kudumu yenye jina langu, kisha akairudisha kwenye faili lake.

"Siku ya uzinduzi maji yakitoka, naisaini hapo hapo," alisema. "Yasipotoka, mimi na wewe hatujuani."

Sasa, bomba jipya lazima lijaribiwe. Alfajiri ya kwanza ya majaribio nilifungua koki ndogo iliyo nyuma ya tangi, na kabla maji hayajafika mbali akatokea mama mkwe na ndoo yake. Tunaishi naye nyumba moja na hakuna kitu kinachompita.

"Hayo maji unayoyajaribu yanakwenda wapi?"

"Mtaroni, mama."

"Kwani mtaro ndio uliokupa mume?"

Nikasogea kando, akateka. Kesho yake alikuja na jirani mmoja. Keshokutwa yake mtaa mzima ulipanga foleni kimya kimya, na ilipofika saa moja asubuhi nilifunga koki, nikafagia tope, tukapishana njiani kama watu wasio na siri. Makubaliano yalikuwa kwamba siku ya uzinduzi wote tushangae pamoja. Tulifanya hata mazoezi ya kushangaa. Kinyozi alishangaa vibaya sana, kwa mikono na miguu, tukamwomba siku hiyo akae nyuma.

Jioni ya kuamkia uzinduzi nililijaza tangi mpaka likafurika, nikazima pampu, nikafunga mlango na koki ya nyuma, na ufunguo wa koki nikautundika kwenye msumari nyumbani. Asubuhi wakaja watu wa itifaki na utepe mwekundu. Waliona picha nzuri itapigwa kwenye mlango wa chumba cha pampu, basi wakauzungusha hapo mara nne na kuufunga fundo kubwa kama la zawadi. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa kabla ya mkuu wa kaunti. Kwenye ratiba kufungua bomba kulitangulia, kukata utepe kukafuata. Sikuona tatizo, kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa.

Saa nne kasoro robo, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi, nililigonga tangi kwa spana kwa mazoea tu. Likalia kama debe tupu. Nikagonga chini zaidi, nikagonga chini kabisa. Kote tupu.

Nilikimbia hadi safu ya mbele ya viti, alikokaa mama mkwe na viatu alivyonunuliwa siku ya harusi yangu.

"Mama, ule ufunguo wa koki ya nyuma, uliokuwa kwenye msumari?"

"Upo," alisema akiipapasa pochi yake.

"Leo nani kateka?"

"Mimi nimechukua ndoo sita tu."

"Na wengine?"

"Wengine nao wamechukua ndoo sita, kumi, na mapipa kidogo. Spana, usinitazame hivyo. Zahanati ilizinduliwa na kitanda, jioni gari lililokileta likakichukua. Taa za barabarani ziliwaka siku mgeni alipopita, leo tunafungia kamba za kuanikia nguo kwenye nguzo zake. Hapa kitu kikizinduliwa kinafungwa. Tukasema tujihami mapema."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana yote aliyosema nilikuwa nayajua. Nikamweleza kwa pumzi moja kwamba tangi ni tupu, pampu iko nyuma ya utepe, na barua yangu iko kwenye lile faili. Alikunja uso. Kisha akasimama, akajikung'uta gauni, akainama kwa jirani wa kushoto, akainama kwa jirani wa kulia. Haikupita dakika, safu tatu za mbele zikawa tupu.

Mhandisi alinijia mbio. "Watu wanakwenda wapi?"

"Haja ndogo, mhandisi."

"Wote?"

"Ni furaha."

Bahati yetu, mbele ya tangi lilitundikwa bango lenye uso wa mkuu wa kaunti akitabasamu, refu kuliko watu wawili waliobebana. Nyuma ya bango hilo ndipo palipo ngazi ya chuma ya kupandia kwenye tangi. Wakati wasaidizi wa mkuu wakikaribishana jukwaani, ndoo zilianza kuwasili kutoka majumbani, moja moja, kisha kwa makundi. Kinyozi alipanda juu akafungua mfuniko. Fundi viatu, mtu wa kiwiliwili kipana, alisimama katikati ya ngazi kupokea na kupitisha. Mimi na mama mkwe tulikuwa chini. Maji yaliyotoka kwenye tangi alfajiri yalikuwa yanarudi nyumbani kwao.

Tatizo lilikuwa kiwiko cha fundi viatu. Kila alipoinua ndoo, kiwiko chake kilisukuma bango, na ule uso mkubwa ukainama mbele ya watu. Mwenyewe wakati huo alikuwa jukwaani anasema, "Tutaleta barabara," na picha yake nyuma inaitikia ndiyo. "Tutaleta hospitali." Ndiyo, ndiyo. Waliobaki kwenye viti wakaanza kushangilia. Mkuu hakuona kinachoendelea mgongoni kwake. Alidhani ni maneno yake, akaikunja hotuba aliyoandikiwa, akaanza kusema ya moyoni. Alisema kwa dakika arobaini. Sijawahi kumpenda kiongozi kama nilivyompenda yule kwa dakika zile.

Nilichungulia pembeni ya bango, nikaona jinsi lilivyokuwa linakubali ahadi zote, nikakaa chini kwa kicheko. Mama mkwe alinifinya.

"Jikaze kisabuni," alisema, naye machozi ya kicheko yanamtoka. "Pokea ndoo."

Mkuu aliposhuka jukwaani nilijipangusa uso, nikatoka na kusimama kando ya bomba, mikono ya ovaroli imelowa mpaka kwenye viwiko. Mhandisi aliitazama ile mikono, akalibana faili kwapani. Mkuu akafungua. Bomba likakohoa. Likakohoa tena, likatoa upepo mrefu, na mhandisi akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka kabisa. Miaka mitatu ya mitaro ilikuwa ndani ya kile kipande cha bomba.

Ndipo maji yakaja. Yalikuja mengi, kwa nguvu, na yakaja na povu. Povu lilipanda kwenye vidole vya mkuu, likafunika saa yake.

"Mbona yana povu?" aliuliza.

Nyuma ya bango nilimsikia mama mkwe akinong'ona kwa sauti ya kufika sokoni: "Nani kamwaga ya kufulia?"

"Bomba ni jipya, mheshimiwa," nilisema. "Tumelisafisha kwa sabuni kwa heshima yako."

Alifurahi sana. Alinawa mikono, akanawa na uso. Watu wakashangaa kama tulivyofanya mazoezi, na kinyozi kule juu akashangaa kuwashinda wote mpaka bango likatikisika na kuinama mara tatu.

Utepe ulikatwa, pampu ikawashwa, magari yakaondoka. Mhandisi hakuondoka nayo. Alizunguka nyuma ya bango, na huko hakukuwa na cha kuficha: ngazi inachuruzika, ndoo zimetapakaa kila mahali, kinyozi amelowa chepechepe, mama mkwe ameshika viatu mkononi.

"Mmeteka siku ngapi?" aliniuliza.

"Kumi na moja."

Mama mkwe alijiweka katikati yetu. "Ukimfukuza huyu mwanangu, anza na mimi. Ufunguo nilichukua mimi." Miaka yote aliniita mke wa mwanawe; neno mwanangu nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Mhandisi aliziangalia ndoo. "Nimezindua miradi kumi na minne," alisema. "Huu ndio wa kwanza kukuta watu wanautumia." Aligeuza ndoo moja kichwa chini, akaweka faili juu yake, akasaini. Niliipokea barua kwa mikono ya maji, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja.

Kisha akatoa mfukoni kufuli kubwa jipya. "Kazi yako ya kwanza kama mwajiriwa," alisema bila kunitazama. "Nina maagizo. Baada ya uzinduzi bomba lifungwe mpaka kamati ya makabidhiano ikutane."

"Inakutana lini?"

"Bado haijaundwa."

Kicheko kilikatika kote nyuma ya bango. Barua ilikuwa mkono mmoja, kufuli mkono mwingine. Nilikwenda kwenye ngazi, nikalifunga kufuli kwenye kidato cha kwanza, nikalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika.

"Tayari, mhandisi."

Aliliangalia kufuli. Akaliangalia bomba, lililokuwa linaendelea kumwaga ndani ya ndoo ya mtu. Akafungua faili, akaandika kwamba kufuli limefungwa, akatia tarehe, na mimi nikayaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Kufuli lile liko pale kwenye kidato mpaka leo. Ufunguo wake unaning'inia nyumbani kwenye ule msumari, na kwenye kufuli lenyewe mama mkwe hutundika kata yake akisubiri ndoo ijae. Kila asubuhi huniuliza kama kamati imeundwa. Namwambia bado, anasema vizuri, anafungulia bomba.