Safu Nne na Wembe wa Shangazi

Mabinti wa ukoo walifika kwa Okwudili asubuhi, watu kumi na saba, kila mmoja katoka huko alikoolewa, na kigoda hawakuja nacho hata kimoja. Walikaa chini kwenye vumbi la ua wake, wakachinja mbuzi wake wa kwanza bila kumwomba ruhusa, wakainjika sufuria. Ndivyo mwanamume anavyokaliwa kwa Waigbo. Wataimba aibu zake na kula mifugo yake mpaka anyooke. Na kosa la Okwudili lilijulikana na kila mtu: kaka yake alipokufa, alitia kufuli mlango wa mjane, Nkiruka, akasema nyumba ni ya ukoo.

Uzoamaka naye alikuwa binti wa ukoo ule, ila yeye alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu. Profesa wake alimpa amri mbili: usiingilie unachokichunguza, na kila kundi la wanawake liwe na safu moja tu katika jedwali. Safu zilikuwa nne: ufeministi wa haki sawa, wa mapambano makali, wa kijamaa, na wa Kiafrika. Mabinti wa ukoo alishawaandika na kuwafuta hadi karatasi ikatoboka.

Maana alipokuwa na miaka tisa baba yake alifariki, na wakaja hawahawa. Shangazi Mgbafo alimshika mama yake kichwa akamnyoa kwa wembe mkavu, kisha wakamlaza chini siku saba wakimuuliza kamlisha nini mumewe. Leo shangazi huyohuyo, kichwa cheupe kwa mvi, anamtetea mjane kwa sauti ya kupasua ukuta. Na kwenye pindo la kitenge chake amefunga wembe, kwa sababu mlango ukifunguliwa, Nkiruka lazima anyolewe kama wajane wote kabla ya kuingia. Sasa mtu kama huyo unamtia safu ipi?

Okwudili alitoka ndani akinyoosha mgongo.

"Mabinti wa baba zangu, nyama imeiva?"

"Imeiva," Shangazi Mgbafo akamjibu. "Ila chumvi ya kwako haba, kama haya yako."

Wanawake wakacheka. Okwudili hakucheka. Alinyoosha kidole barazani.

"Na yule kwenye kiti? Si binti wetu? Marehemu baba alinifundisha: binti aliyepo uani akikataa kukaa chini, kikao hakijatimia. Basi nendeni makwenu, na mbuzi wangu mtamlipa."

Wimbo ukakatika. Nkiruka, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake pembeni mwa ua, akamtazama Uzoamaka.

Shangazi akajikongoja mpaka kitini.

"Mwanangu, shuka."

"Nipo kazini, shangazi."

"Kazi gani ya kututazama kama kuku wa kununua? Shuka. Mwenzio analala nje."

"Nipe wembe."

"Wembe gani?"

"Uliofunga kwenye pindo. Nipe, nitakaa chini mpaka mbuzi waishe. Ukininyima, nabaki hapahapa."

"Unamponza Nkiruka ili unikomoe mimi?"

"Unayemponza ni wewe. Mimi naomba kipande cha chuma."

"Hiyo ni mila, Uzoamaka."

"Na kumkalia mwanamume ni mila. Leo chagua moja."

Shangazi akagusa nyuma ya sikio lake, penye kovu jembamba.

"Mimi nilinyolewa nina miaka ishirini na miwili. Wakanikata hapa."

"Miezi minane nakuhoji, hili hukuniambia."

"Hukuuliza. Uliniuliza kama napinga mfumo."

Akafungua fundo kwa meno. Uzoamaka akapokea wembe, akaubana ndani ya daftari, akamsukumia Okwudili kiti chake, akajitupa vumbini katikati ya shangazi zake. Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, ule mchafu kuliko yote.

Kesho yake, mbuzi wa nne alipofungwa miguu, Okwudili alitupa ufunguo uani. Nkiruka akauokota, akajitwika sanduku, akaingia kwake na nywele zake zote kichwani. Wawili watatu waliguna. Hakuna aliyemfuata.

Shangazi Mgbafo akasogea na mfupa mkononi.

"Ile karatasi yako ya vyumba vinne, mimi umenitia wapi?"

"Nimeichana. Nimeandika mlichomfanyia mama, na mlichomfanyia Nkiruka. Yote mawili, kwa jina lako."

"Na la mama yako pia?"

"Nimeanza na hilo."

Shangazi akang'ata mfupa wake.

"Profesa atasemaje?"

"Atakataa. Atataka safu."

Shangazi akajifuta mafuta mikononi, polepole, kidole kwa kidole.

"Huyo profesa wako," akauliza, "ana mbuzi?"