Chumba cha Watu Wawili na Pini

Mwenye nyumba wa kwanza alifunga mlango kabla binti hajamaliza kueleza. Wa pili alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kisha akauliza, "Nungunungu?"

"Si nungunungu, baba. Kalunguyeye. Mdogo, anaenea kiganjani."

"Ana miiba?"

"Anayo, lakini—"

"Basi ni nungunungu. Leo mdogo. Kesho je?"

Binti alimweleza kwamba Pini ni mtu mzima tayari na haongezeki tena hata ashibe vipi. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe aje asikie maneno, mke naye akacheka, na chumba hakikupatikana.

Dalali aliyekuwa akimzungusha, mwanamume wa makamo asiyevua koti hata jua likiwaka, alimvuta pembeni. "Dada, unajiharibia mwenyewe. Mtu anatafuta chumba cha wiki chache, anaanza na mnyama? Anza na mgonjwa! Mgonjwa anatia huruma. Mnyama mtamtaja mkishatandika."

"Wakitufukuza?"

"Mgonjwa hafukuzwi usiku."

"Basi watamfukuza asubuhi."

Dalali akafunga kifungo cha koti. Wakaendelea kutembea.

Baba alikuwa akiwasubiri kwenye benchi nje ya hospitali, boksi la viatu lililotobolewa matundu likiwa mapajani. Alikuwa fundi wa makochi. Kooni kwake kulikuwa kumeota uvimbe, na madaktari walitaka apigwe mionzi kila asubuhi kwa wiki sita. Nyumbani kulikuwa mbali mno kwenda na kurudi. Kwa miezi alikataa kuja kabisa. Siku alipokubali, alikubali kwa sharti moja, akalisema huku akifunga boksi kwa kamba: "Mimi na Pini, au hakuna anayekwenda."

Haukuwa utani wa mzee. Bila chumba kinachompokea Pini, wangepanda basi la jioni kurudi walikotoka, uvimbe ungeendelea na kazi yake, na Baba asingekubali mara ya pili. Binti alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Pini alikuwa wa mama yake. Mama alimkuta karakanani ndani ya gunia la sufi, hajafungua hata macho, akamlea kwa kitambaa kilicholowekwa maziwa. Akiwa mkubwa, mchana alilala ndani ya kochi lolote lililokuwa likitengenezwa, juu kwenye mikanda inayobeba springi, gizani. Baba alipobakiza kushona tu kitambaa cha chini, kile kinachoziba tumbo la kochi, mama aliacha alilokuwa akilifanya, akaingiza mkono, akamtoa Pini na kusema, "Haya, shona." Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote hiyo. Kisha mama akafa. Baba akafunga karakana, akabaki na Pini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja mpana, mwenye rundo la funguo kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo, naye aliitika. Alimsikiliza binti huku akipepeta mchele.

"Anapiga kelele?"

"Hapana, mama."

"Anagombana na majirani?"

"Hapana."

"Analeta wageni?"

"Hana hata mmoja."

"Basi ana adabu kuliko wapangaji wangu wote." Akaweka ungo chini. "Lakini sikilizeni. Mimi naogopa kitu chochote kinachotembea chini ya kiti. Siku nikimkuta ukumbini mwangu, mnaondoka wote watatu, mgonjwa na mzima na huyo wa miiba."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, godoro la pili la kutandika sakafuni, dirisha lililotazama tangi la maji, na kochi la zamani lililobonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Baba aliweka boksi chini. Kabla hajaketi alikuwa ameshapiga magoti, kichwa chini ya kochi.

"Springi mbili zimekatika," alisema kwa sauti yake iliyoanza kukwaruza. "Na mikanda hii alifunga mwizi, si fundi."

"Baba, umekuja kutibiwa."

"Wao watanitibu mimi, mimi nitalitibu hili. Kila mtu na mgonjwa wake."

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko binti alivyothubutu kutumaini. Asubuhi walikwenda kwenye mionzi. Mchana Baba aling'oa misumari, akakaza mikanda mipya, akapanga springi. Pini alilala ndani ya kochi kama zamani, na giza likiingia alitoka kunywa maji na kuzunguka chumba, kucha zikigonga sakafu. Mama Funguo alifika mlangoni kulitazama kochi lake, miguu nje, shingo ndani.

"Mzee, yuko wapi jamaa?"

"Kalala, mama. Anafanya kazi zamu ya usiku."

"Mlinzi, sivyo? Basi ndiye mlinzi wa kwanza ninayemwona akilala mchana tu, usiku halali!"

Baba alicheka. Binti hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu msiba.

Wiki ya tatu koo liliungua. Baba akashindwa kumeza hata uji, na dawa za maumivu zikamfanya atazame vitu kana kwamba viko ng'ambo ya kioo. Ijumaa mchana binti alikwenda kupanga foleni ya dawa. Aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kochi lililokwisha kusimama wima, zuri, limejaa. Sindano ya kupinda ilikuwa bado vidoleni, na mwili wake ulikuwa moto kama pasi. Binti hakulitazama kochi. Alimimina maji kwenye kisahani cha Pini, akaweka chakula chake pembeni, akafunga mlango kwa ufunguo, akamkimbiza Baba hospitali. Walimlaza.

Alirudi Jumatatu kuchukua nguo safi. Chumba kilikuwa cha moto chini ya mabati. Kisahani kilikuwa kimejaa vilevile, chakula kimekauka bila kuguswa, na boksi lilikuwa tupu. Aliinua mashuka, akahamisha kitanda, akachungulia ndani ya viatu. Kisha akalitazama kochi. Akaliinamisha pole pole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Kitambaa cha chini kilikuwa kimeshonwa pembe hadi pembe, kwa mshono wa baba yake, mdogo, ulionyooka, usio na kosa hata mahali pamoja.

Mkono wa Baba ulimaliza kazi kama ulivyoizoea. Kuingiza mkono na kumtoa Pini hakukuwa kazi yake hata siku moja. Mwenye kazi hiyo alikuwa kaburini.

Binti alikata uzi. Pini alikuwa kwenye mikanda, amejikunja. Alimshika, akamngoja ajikunjue, akamngoja tena.

Mama Funguo alimkuta sakafuni. Aliingia, miguu yake yote miwili, akakaa chini pamoja naye.

"Nilimsikia," alisema. "Jumamosi jioni. Anakwaruza, anakwaruza. Nikajisemea, afadhali, jamaa yuko mzima, anafanya zamu yake. Mimi chumba cha mpangaji sikifungui mwenyewe hayupo. Najisifu kwa hilo mtaa mzima!" Akajipiga kofi pajani. "Ningefungua mara moja tu..."

"Hukujua, mama."

"Sikujua. Na wewe utamwambiaje baba yako?"

"Nikimwambia, anaondoka. Matibabu bado nusu."

Mama Funguo alifikiri, akichezea funguo zake moja moja. "Mwambie katoroka. Aliyetoroka anaweza kurudi. Sema mimi ndiye niliyeacha mlango wazi. Anichukie mimi, miye nimeshazoea kuchukiwa na wapangaji."

Walimzika pamoja nyuma ya tangi. Kisha binti akachukua sindano ya kupinda, akashona kitambaa cha chini jinsi alivyofundishwa utotoni, akalisimamisha kochi.

Baba alipotoka wodini amekonda, aliupokea uongo ule. Hakumlaumu Mama Funguo. Alisema tu kwamba sasa hawezi kuondoka hapo. "Tukienda nyumbani, naye akarudi, nani atamfungulia?" Kwa hiyo kila asubuhi alikwenda kwenye mionzi bila kusukumwa, akanywa dawa bila kubembelezwa, na jioni akakaa mlangoni akitazama chini. Mama Funguo naye, aliyekuwa akiogopa chochote kinachotembea chini ya kiti, alitoka kila jioni na kisahani cha maji, akakiweka karibu na ngazi za mbao za kushukia uani na kuita, "Pini! Njoo, mwanangu. Umetutesa vya kutosha."

Binti aliposikia sauti hiyo aliingia ndani na kuziba uso kwa mto.

Zilibaki siku chache matibabu yaishe. Jioni moja aliporudi kutoka dukani alikuta kochi limelazwa ubavu, Baba amepiga magoti mbele yake.

"Nimedhani pengine amerudi akaingia humu," alisema Baba. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono. "Nikatafuta tundu la kupitia. Hakuna tundu." Kidole chake kilipita juu ya uzi, taratibu, mpaka pembeni. "Mimi nilifunga kwa mkono wangu. Huu si mkono wangu. Huu ni wako, mama. Unavuta uzi sana ukifika kwenye kona."

Binti aliweka mfuko chini.

"Alikuwa humu ndani," alisema Baba.

"Ndiyo, Baba."

"Nilimfungia mimi."

Binti alipiga magoti kando yake. "Hukujua."

"Mama yako angejua."

Kisha Baba akauliza amelazwa wapi, akajibiwa nyuma ya tangi. Akauliza kama kuna kivuli, akajibiwa kipo mchana kutwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, kama anayepangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Basi kesho funga mizigo. Hapa sina tena ninayemngoja."

Kitu fulani kilikatika ndani ya binti. "Na mimi je?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi si wa kungojwa, Baba? Au kwa sababu sina miiba? Ulisema wewe na Pini, au hakuna anayekwenda. Nilikuwa nimesimama palepale, Baba. Mizigo yote ilikuwa mikononi mwangu!"

Baba alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyeingia chumbani mwake na kukuta kumbe kuna mgeni ameketi tangu asubuhi, hajakaribishwa.

Nje, ngazi zililia chini ya uzito wa Mama Funguo. Kisahani kikagusa saruji. "Pini! Pini wee! Njoo basi, mwanangu."

"Anajua?" aliuliza Baba.

"Alinisaidia kumzika."

"Na bado anaita."

"Kila jioni. Kwa ajili yako."

Baba alinyoosha mkono. Binti akamshika, akamwinua. Hakuwa na uzito wowote. Alikwenda hadi mlangoni akishika ukuta, akaegemea mwimo, akakusanya sauti iliyobaki.

"Mama," alisema, "leo amechelewa. Wacha akae anakokaa. Kesho tukitoka kwenye mionzi, tutamngoja wote."

Mama Funguo alisimama na kutazama pembeni, upande wa tangi.

"Haya, mzee. Kesho."

Ndani, binti alilishika kochi kwa mikono miwili ili alisimamishe. Lilikuwa zito, naye alikuwa akilia, kwa hiyo ilimchukua muda.