Pampu ya Baba Dinu

Katika mji wa Khambhat watu husaga akiki majumbani mwao, na vumbi la jiwe lile halichagui pua. Bhargavi alikuja kulipima kwa ajili ya utafiti wa maradhi ya mapafu. Kila msagaji alifungwa kijipampu kiunoni na kichujio cheupe kwenye kola. Kikavuta hewa ileile anayovuta yeye, na jioni kichujio kikapimwa uzito. Kupima tu, basi. Alilieleza hilo mpaka koo likamkauka, lakini mwenye mgonjwa husikia anachotaka.

Na Jivi, msagaji mmojawapo, alikuwa na mgonjwa. Mumewe, ambaye hakumwita kwa jina ila Baba Dinu, aliacha kusaga mwaka juzi, akawa wa kulala chumba cha ndani na kukohoa. Mfa maji haachi kutapatapa: Jivi alipopewa pampu hakuivaa. Alimfungia mumewe.

Jioni kichujio kikarudi chekundu, kimejaa kuliko vya wasagaji wote. Bhargavi akaingia chumbani mwenyewe. Dirisha limezibwa kwa magunia, hamna jiwe wala gurudumu la kusagia.

"Mama Dinu, vumbi hili limetoka wapi?"

"We naye! Si kifuani mwake? Akiki nyekundu ndiyo aliyokuwa akisaga. Pampu inamnyonya uchafu, mwanangu. Iache mpaka kesho."

"Haiponyi, mama. Inapima tu."

"Basi na ipime mpaka uchafu umwishe!" Jivi akacheka, na ilikuwa zamani hajacheka. Mgonjwa akamtazama Bhargavi kwa macho ya kusihi. Nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya? Bhargavi akabadilisha kichujio na betri, akaenda zake, njia nzima akijilaumu.

Asubuhi Jivi alimpokea mlangoni, uso umechanua.

"Sikukwambia? Tangu ulipoondoka jana hajakohoa hata kidogo! Njoo usikie pumzi zake zilivyotulia."

Wakasikiliza pamoja. Kweli, gizani mle mlikuwa na mvumo mwembamba, hausiti wala haukwami. Jivi alitikisa kichwa kuufuatisha, machozi ya furaha yakimtiririka.

Bhargavi akapiga magoti kando ya kitanda. Kichujio kilikuwa cheupe pe, hakina hata chembe. Akamgusa mgonjwa mkono uliokuwa baridi kama jiwe, akautoa wake haraka. Maskini wee, Jivi bado alikuwa akisikiliza.

Bhargavi akapeleka kidole kwenye swichi ya pampu.

"Usiizime," Jivi alinong'ona. "Utamwamsha."

Akaizima, na chumba kizima kikanyamaza.