Ulimi wa Bi Mubaraka

Habibah hakupata sura ya mama yake, wala kimo chake, wala ile sauti iliyosifiwa kwenye harusi za Wanubi. Alichopata ni ulimi. Bi Mubaraka alijulikana mtaa mzima wa Kabalagala kwa kumtania mteja mpaka anunue marashi ambayo hakuyapanga, na walioingia dukani walimsikiliza Habibah wakasema, "Huyu ni mama yake mtupu." Neno hilo lilimshibisha.

Kisha kaka yake, Nasif, akaleta programu ya kuwajibu wateja kwenye simu ya duka. Akailisha jumbe zote ambazo mama alikuwa amewaandikia watu kwa miaka. Siku chache baadaye Heritier, Mkongo anayenunua udi kwa jumla, aliandika kuuliza kama bei inapungua. Programu ikamjibu: "Inapungua, Heritier, kwa wanaume wanaokumbuka kusalimia kwanza."

Bi Mubaraka alicheka hadi akajifuta machozi kwa ushungi. "Nasif! Hiki kitu nimekizaa mimi?"

"Damu yako hakina, mama. Tabia ndiyo kimechukua."

Tangu hapo mama hakumwita tena Habibah kuwachangamsha wateja. Alimwita tu aje asome alichosema "mdogo wako", yaani programu.

Ijumaa moja Nasif alipokwenda msikitini, Habibah akaizima programu, akajibu wateja mwenyewe bila kujitaja. Alitania, akawazungusha, akauza. Jioni mama akasoma yote, uso umemchanua.

"Leo kimepatia! Leo ni mimi kabisa."

"Ni mimi, mama!" Habibah alipasuka. "Nilikizima. Yote hayo nimeandika mimi."

Bi Mubaraka akaweka simu mezani.

"Umekionea wivu kitu hiki?"

Habibah akaanza kupanga chupa za marashi.

"Marehemu baba yako alikuwa hivyo hivyo. Aliionea wivu redio yangu, kisa nilimpenda mtangazaji mmoja. Akatoa betri, akazificha ndani ya kiatu. Ukimuuliza, kimya, kama wewe sasa."

"Kwa hiyo mimi ni baba?"

"Ulimi ni wangu, mwanangu. Huu wivu ni wake, siupokei." Akamshika shavu, akicheka taratibu.

Habibah hakucheka. Aliiwasha tena programu. Ujumbe wa mteja ukaingia, na kabla hajamaliza kuusoma, jibu lilikuwa limeshakwenda. Lilikuwa zuri. Alilisoma mara mbili, akitafuta kosa.