Zamu Yangu ya Kuwa Mpita Njia

Mwaka 2006, hapa London, kampuni moja inayofunza walinzi wa kupelekwa nchi za vita iliniajiri niigize kwenye mazoezi yao ya bastola za risasi za rangi. Kila siku jambazi ni mimi, Mzanzibari. Tony, Mwingereza, ndiye mpita njia asiyetakiwa kupigwa. "Lazima ifanane na kweli," mwalimu alisema. Nikachoka, nikagoma mpaka tukabadilishana.

Nikaingia mikono mitupu, nikamsalimu mwanafunzi kama tunavyosalimiana kwetu, kiganja kifuani. Mwanaizaya yule akanimiminia risasi tatu. Tony, kasimama pembeni na bastola mkononi, hata hakuguswa.

"Huyu si amefeli?" nikamuuliza mwalimu, rangi inanichuruzika.

"Amefaulu," akanijibu. "Nani alikutuma upeleke mkono kifuani?"