Gauni Lenye Pini

Fundi cherehani alidhani simu yake imerogwa. Yeye alikuwa bado anahangaika na somo la mifupa, lakini kozi ya mtandaoni ilimpongeza kwa kumaliza masomo yote ya istilahi za tiba, tena kwa nyota tele, na kumwarifu kuwa mtihani ni kesho kutwa. Tarehe haibadilishwi.

Akasimamisha cherehani. Kwenye kiti cha wateja, mama mkwe wake alikuwa akiyatazama mabati ya paa kana kwamba anayakagua.

"Mama, umeigusa simu yangu?"

"Kuigusa si kuila."

Ukweli ukatoka kidogo kidogo. Kila fundi alipoinamia mashine, mama huyo alivuta vipande vya maneno kwa kidole na kuviweka kwenye picha ya mwili wa mtu. Ukipatia, kengele inalia, na kengele ilikuwa imemnogea. Mwishowe simu ikauliza kama yuko tayari kwa mtihani, naye hajawahi kuwa mtu wa kusema hayuko tayari.

Fundi akakaa chini akalia. Nguo za madukani zilikwishamaliza wateja wake. Ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa hospitalini ilimwahidi kazi iwapo angepeleka cheti kabla ya mwezi kwisha, na anayefeli husubiri muhula mwingine. Muhula mwingine kazi ingekuwa ya mtu mwingine.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Nani kasema yamemwagika? Nefro ni figo. Hepato ni ini. Ukiona itisi mwishoni, hapo pana uvimbe. Futa machozi ulete pini."

Mama mkwe akasimama katikati ya chumba, mikono kaitanua. Fundi akaandika vipande vya maneno kwenye mabaki ya karatasi za kukatia, akavibandika kwa pini juu ya gauni: hepato chini ya mbavu za kulia, nefro mgongoni juu ya kiuno, gastro tumboni. Akipatia, mkwewe anagonga mkasi mezani badala ya kengele. Akikosea, anaguna.

Yule mtu wa kwenye simu fundi hakumjua. Mwili huu aliujua, ameukatia nguo tangu alipoolewa. Na maneno nayo, kumbe, yalikuwa na kola, kiwiliwili na pindo. Ukivijua vipande, unaunga tu. Mteja aliyefuata suruali yake alichungulia, akamwona mama wa watu kajaa karatasi mwili mzima, akasema atapita kesho.

Siku ya mtihani mama mkwe alitolewa chumbani, maana msimamizi kwenye kamera hakutaka mtu wa pili. Fundi alianza vizuri, kisha akakwama: nefrektomia. Akafumba macho. Mikono ikaanza kutambaa mgongoni.

"Mtahiniwa, mikono yako iko wapi?"

"Kwenye figo."

Msimamizi akamwamuru ainue mikono na ageuke. Hakukuwa na kitu ila shati. "Endelea," alisema, na alisikika akibana kicheko.

Figo, na pindo lake ni kukata na kuondoa. Fundi akabonyeza jibu, na tangu hapo hakusimama tena. Alipomaliza, majibu yalitokea papo hapo: amefaulu, daraja la juu. Furaha ilimjaa, akaukimbilia mlango na kuufungua.

Mama mkwe alikuwa nje ya mlango, mkasi mkononi, ndani ya gauni lilelile. Alimtazama usoni, akagonga mkasi kwenye fremu mpaka mlango ukatikisika.

"Sasa nitolee hizi pini, mwanangu. Tangu juzi zinanichoma, nikaogopa nikilivua utasahau."

Fundi akapiga magoti mbele yake. Akazichomoa moja moja, akikitaja kila kiungo, na hakukosea hata kimoja.